Nimempeleka shangazi mgahawa mpya wa Kijapani Msasani, akaagiza kibua

Fundi Baridi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi majokofu na viyoyozi, maskani Tandika. Miezi miwili iliyopita nilipata kazi ya kufunga chumba cha baridi na AC kwenye mgahawa wa Kijapani uliokuwa unajiandaa kufunguliwa Msasani. Jina silitaji, msije mkasema nimelipwa. Si ule wa kuvua viatu mkakaa kwenye mkeka na bili ikaletwa kwenye bahasha. Ni wa kawaida tu: meza kumi na mbili, kaunta inayotazama jiko, menyu ya picha, watu wanaingia, wanakula, wanaondoka.

Siku zote za kazi nilikuwa nakula chipsi mayai kibandani ng'ambo ya barabara, lakini harufu ya ile supu ilikuwa inanifuata. Sufuria refu kama pipa, ndani mifupa na miguu ya kuku. Wanabandika alfajiri, na ikifika mchana imeshakuwa nyeupe kama tui la kwanza. Nikajisemea, wakinimalizia hela yangu narudi hapa kama mteja. Wakanimalizia. Jumapili iliyopita nikaenda na mama watoto, pamoja na shangazi yangu aliyekuja kutoka Tanga kutibiwa macho.

Shangazi ana miaka sabini na ushee. Kwenye magari ya Mjapani amepanda maisha yake yote, ila chakula chake hajawahi kukitia mdomoni. Tulipofungua mlango tu, wafanyakazi wote wakapaza sauti kwa pamoja: "Irasshaimase!" Ndiyo karibu yao hiyo. Shangazi akasimama, akatengeneza mtandio, akajibu kwa utulivu: "Marahaba, wanangu."

Tukakaa. Dada mhudumu akaleta menyu, nikaanza kumsomea shangazi. Nilipofika kwenye katsu, ile nyama inayoviringishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa, akauliza nyama gani. Nikamwambia ipo ya kuku na ipo ya kitimoto. Akaifunga menyu, akamgeukia dada mwenyewe.

"Mwanangu, huyo kuku na huyo nguruwe mnawakaanga mafuta mamoja?"

Dada angeweza kudanganya. Hakudanganya. Akasema ndiyo, mafuta ni yaleyale. Basi katsu imekwenda. Tempura nayo imekwenda, maana inapita karai hilohilo. Gyoza, zile mfano wa sambusa ndogo za kubanika na mvuke, ndani zina nguruwe. Rameni ya kuku, zile tambi za kwenye supu? Sufuria lake ni la peke yake, hilo nimeliona kwa macho yangu, lakini kiungo wanachotia chini ya bakuli kina mirini, na mirini ni kilevi kitamu cha mchele. Nayo imekwenda.

Wakuu, nilianza kutokwa jasho na AC nimefunga mwenyewe. Dada akafikiri kidogo, akasema: "Bibi, kuna seti ya samaki. Anachomwa kwa chumvi tu, na wavu wake ni wa samaki peke yake."

Likaja sinia jeusi la mbao. Kibua mzima, kapigwa chale mbili ubavuni, ngozi imetutumka na kuwa kahawia, chumvi imeganda nyeupe kwenye mkia na mapezi (wanaipaka nyingi pale makusudi mapezi yasiungue). Pembeni kifungu cha figili iliyokunwa na kipande cha ndimu. Bakuli la wali mweupe, bakuli la supu ya miso, kisahani cha achari.

Shangazi akalitazama sinia. Akanitazama mimi.

"Mwanangu, umenitoa Tandika kwa bajaji mbili, umenileta huku kwa wakubwa, nije kula kibua?"

Akala. Vijiti akaviweka kando, akanawa, akala kwa mkono kama yuko barazani kwake, na alipomaliza yule samaki alibaki uti wa mgongo na kichwa kisicho na shavu. Paka wa pale angelia. Kwenye supu alivuta mara moja, akatulia, akasema: "Hii ina ng'onda." Dada hakuelewa, mimi nilielewa. Supu ya miso ni maharage ya soya yaliyochachushwa, lakini maji yake yanachemshwa kwanza na mwani na samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi mpaka akawa mgumu kama gogo. Wanamkwangua kwa kitu mfano wa randa ya seremala. Nimemshika mkononi kule jikoni. Ukigonga naye meza unasikia mti. Shangazi hajaambiwa na mtu, ulimi umemwambia.

Mama watoto alichukua sushi vipande nane, vinne vya jodari na vinne vya tango. Anasema wali wake ulikuwa mtamu kuliko samaki mwenyewe. Nakubaliana naye: wali wa uvuguvugu, umetiwa siki, sukari na chumvi, unashikana bila kuwa bokoboko.

Mimi nikachukua rameni ya kuku, na hapa nina malalamiko. Bakuli lilikuja linafuka, nikapiga picha mbili, nikamsikiliza shangazi kidogo, kurudi kwenye bakuli mafuta yameanza kutengeneza ngozi juu. Nikainua macho: upepo wa AC unashuka moja kwa moja kwenye meza yetu. Aliyeelekeza mapezi ya ile AC ni mimi. Sikusema kitu, nilikunywa supu yangu ya vuguvugu kiume. Bado ilikuwa supu nzuri, nzito, inabakia kwenye midomo kama ya kongoro.

Sasa kilichonifanya nilete uzi. Mpishi ni kijana wa Kigoma, tulizoeana wakati wa kazi. Akatoka kusalimia. Shangazi akamuuliza tambi zangu mbona zina umanjano, ni mayai? Kijana akasema hapana, ni unga wa ngano, chumvi na maji fulani maalumu. Akarudi jikoni, akaleta fungu la tambi mbichi. Shangazi akachukua uzi mmoja, akausugua kwa vidole, akaunusa.

"Magadi."

Kijana akabaki anacheka. Ni kweli, wakuu. Wajapani wanayaita kansui, ni madini ya jamii ileile ya magadi tunayotia kwenye makande na mlenda. Ndiyo yanayofanya tambi ivutike, iteleze na isilegee kwenye supu ya moto, na ndiyo yanayougeuza unga kuwa wa manjano.

Bili: rameni 27,000, seti ya kibua 24,000, sushi 26,000, soya changa za kuchemsha na maganda yake 9,000, maji matatu 6,000. Jumla 92,000. Nikatoa laki, 8,000 nikamwachia yule dada kwa ukweli wake kuhusu mafuta. Najua Japani kwenyewe hawapokei bahashishi. Yeye si Mjapani, anatoka Temeke.

Karibuni kwa maswali.

Pilipili Kichaa

27,000 kwa indomie? Mkuu, una roho ngumu. Hiyo hela napata supu ya kongoro na chapati wiki nzima.

Kisamvu Chachu

Uzi bila picha ni sawa na pilau bila nyama. Umesema ulipiga mbili. Ziko wapi?

Fundi Baridi

@Pilipili Kichaa sikatai, si chakula cha kila wiki kwa fundi. Ila usiziite indomie. Zile za pakiti alizianzisha Momofuku Ando mwaka 1958: tambi zinapikwa, zinakaangwa zikauke, wewe nyumbani unazimwagia maji ya moto tu. Hizi zinakandwa asubuhi na supu inakaa motoni saa nane. Ni tofauti ya kongoro la bibi na kidonge cha mchuzi.

@Kisamvu Chachu picha zimo zote mbili, ila kwenye zote shangazi amefumba macho. Amekataza.

Bint Barazani

Shangazi yako ni mwanasheria, nimempenda. Watu wengi wanaishia kuuliza "kuna nguruwe?" wakiambiwa hii ni ya kuku wanakula. Swali ni mafuta, ubao wa kukatia na kisu. Na mirini asilia ina kilevi kama asilimia 14, ni sawa na divai, na inaingia sehemu nyingi: mchuzi wa teriyaki, mchuzi wa mkunga, wakati mwingine hata kwenye wali wa sushi. Mimi huwa nauliza kabla sijakaa, kukaa kwanza kunaleta aibu ya kuondoka.

Ila niulize, hiyo soya ya maganda 9,000 ni nini hasa?

Fundi Baridi

@Bint Barazani ni soya iliyovunwa ingali mbichi, inachemshwa na maganda, inanyunyiziwa chumvi. Unabana ganda mdomoni, punje zinaruka.

Mmakua wa Lindi

Yaani mbaazi. Mwezi wa saba njoo Lindi, sinia zima 1,000 na hadithi juu.

Mama Wawili

Mimi swali langu ni samaki mbichi. Mume wangu anataka kunipeleka huko siku ya kumbukumbu ya ndoa na mimi nina mimba ya miezi mitano. Minyoo je?

Fundi Baridi

@Mama Wawili hongera. Kwa hali yako samaki mbichi acha, tena muulize na daktari wako wa kliniki. Kuna vyakula vya moto vingi tu.

Kwa wengine, hapa ndipo kwenye kazi yangu. Samaki wa baharini anaweza kubeba minyoo, na kinachoiua ni moto au baridi kali. Kanuni wanazofuata Wamarekani ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15 baada ya samaki kuganda hadi moyoni. Friji yako ya nyumbani inagota kwenye 18 chini ya sifuri, tena kama watoto hawaifungui kutafuta barafu. Kwa hiyo msianze kujitengenezea sushi kwa samaki wa friji ya nyumbani.

Pale nilifunga boksi mbili: moja ya kawaida, moja ya nyuzi 40 chini, ina kompresa yake. Nilichowasisitizia ni umeme. Ukikatika, jenereta lazima liichukue ile boksi kabla ya taa za ukumbini. Waliniuliza kwa nini nimeweka termometa inayoandika joto saa 24. Nikawaambia, ili siku mkibishana na mpishi asubuhi, karatasi iongee. Mteja ukitaka kujua mgahawa wa sushi uko makini, usiangalie urembo wa sahani. Uliza karatasi ya joto la jana.

Mzee wa Feri

Fundi kaongea ya friji, ngoja mimi niongeze ya kabla ya friji. Niko Feri mwaka wa ishirini huu. Jodari, vibua na nguru ukiwaacha juani kwenye ngalawa saa kadhaa, nyama inaanza kutengeneza sumu ambayo haitoki tena, ugandishe, ukaange, uchome. Mtu anakula, uso unakuwa mwekundu, moyo unakwenda mbio, anasema ana aleji ya samaki. Si aleji, ni jua. Ndiyo maana wanunuzi wa mahoteli wanakuja alfajiri na barafu yao, wanafunua shavu, wanabonyeza jicho, wanakataa samaki ambaye mimi ningempeleka kwangu bila wasiwasi. Zamani nilikuwa nawaona wanaringa. Sasa nawauzia wao kwanza.

Halafu wengi hamjui, soko lenyewe la Feri lilijengwa kwa msaada wa Japani. Kwa hiyo Mjapani alianza kujenga pa kununulia samaki, mgahawa umefuata.

Kisamvu Chachu

Na lile daraja la baharini la Tanzanite pia ni lao.

Mzee wa Feri

@Kisamvu Chachu hapana, Tanzanite ni Wakorea. La Mjapani ni Mfugale pale Tazara, lilifunguliwa 2018. Usichanganye majirani, wanaweza kugombana.

Mwalimu Mstaafu

Nimesoma kwa furaha. Niongeze kidogo kuhusu tempura ambayo shangazi aliikosa. Si ya Wajapani kwa asili. Mreno alifika Japani mwaka 1543, na namna ile ya kuchovya kitu kwenye rojo ya unga na kukaanga wameitoa kwake. Neno lao la mkate ni *pan*, la Kireno. Mreno huyohuyo aliiteka Kilwa mwaka 1505. Sisi alituachia meza, bendera, mvinyo na gereza. Wenzetu walipata mapishi, sisi tukapata jela na fanicha.

Na wanaoiogopa sushi kama chakula cha mabwana, sushi hii ya kufinyanga kwa mkono ilianza kwenye vibanda vya mitaani vya Edo, ndiyo Tokyo ya leo, karne ya 19 mwanzoni. Mtu alikula amesimama, akaenda zake, kama sisi na mishikaki. Salmoni mbichi nayo, ile ya rangi ya chungwa mnayoiona kwenye kila picha, Wajapani hawakuwa na mazoea ya kuila mbichi hadi Wanorwe walipokwenda kuitangaza miaka ya 1980.

Pilipili Kichaa

Mwalimu, jela na fanicha umenimaliza. Narudi kwenye mada: ile ya kijani nani aliila nzima? Lazima kuna mtu.

Fundi Baridi

@Pilipili Kichaa utasubiri sana, hakuna. Mama watoto alishaonywa na dada, akagusa kwa ncha ya kijiti. Na mpishi hakuficha: wasabi yenyewe ni shina la mmea ghali, inayopelekwa mezani sehemu nyingi duniani ni mzizi mwingine mkali umechanganywa na haradali na rangi. Ya kwao pia ni hiyo.

Bint Barazani

Vijiti mlivitumiaje? Mimi niliwahi kuvichomeka vikasimama kwenye bakuli la wali, dada wa Kijapani aliyekuwa mwenyeji wetu akavitoa haraka bila kusema neno. Baadaye ndiyo nikaelezwa: wali wenye vijiti vilivyosimama ni wa marehemu, unawekwa msibani. Na msipokezane chakula kijiti kwa kijiti, maana ndivyo wanavyookota mifupa baada ya kuchoma maiti. Tangu hapo navilaza.

Fundi Baridi

@Bint Barazani asante, hilo sikulijua, na mimi kijiti nilimpokeza mama watoto kipande cha tango. Tumepona.

Ila kuvuta tambi kwa sauti ni ruksa. Jamaa wawili wa kwao walikuwa kaunta, unasikia fyoo, fyoo. Shangazi akasema laiti marehemu mjomba angekuwepo, maana alimgombeza miaka arobaini kwa kosa hilohilo.

Mama Wawili

Mleta uzi, magadi yale shangazi kayaacha hivihivi? Mwanamke wa Tanga hawezi kunusa kitu akakiacha.

Fundi Baridi

MREJESHO, wakuu. @Mama Wawili unawajua.

Jumatatu asubuhi shangazi alishuka soko la Tandika, akarudi na magadi na unga wa ngano kilo mbili. Akayaloweka kwenye kikombe, akaacha taka zitulie, akachuja kwa kitambaa, yale maji ya juu ndiyo akakandia unga. Unga ukabadilika rangi mkononi mwake, mweupe ukawa wa kunde, halafu wa mahindi. Watoto walijaa jikoni kuangalia kama sinema. Mashine ya tambi hatuna, akasukuma kwa kifimbo cha chapati, akakunja kama kanga, akakata kwa kisu nyembamba nyembamba.

Awamu ya kwanza haikulika. Magadi yalizidi, unakula unasikia umeramba sabuni ya mche. Nyumba nzima ilinuka. Mama watoto alizima cheko kwenye kanga. Shangazi hakujibu, alimwaga, akaosha ubao.

Jumanne akarudia. Maji ya magadi kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo ya unga, chumvi kidogo, donge likalala saa nzima ndani ya mfuko. Akatokosa dakika mbili tu, akaziopoa. Wakuu, zilivutika. Ukiinua kwa uma zinashuka zenyewe kama nyuzi za ukili. Supu ya mifupa ya kuku hakuihangaikia, alizimwagia mchuzi wa kibua wa nazi, pilipili mbuzi moja nzima juu bila kupasuliwa, ndimu.

Mpishi wa Kigoma nimemtumia picha (ya bakuli, si ya shangazi). Anaomba aje Jumapili kuonja. Mimi nimempa sharti: kwanza aniruhusu nikageuze mapezi ya ile AC.

Shangazi ameondoka leo asubuhi na basi. Kwenye kikapu kafunga nusu kilo ya magadi. Nikamwambia shangazi, magadi hata Tanga yapo, unabebeshwa mzigo wa nini? Akasema ya Tandika ndiyo anayoyajua kipimo chake.